Mzee Ameshiba, Amevaa, Amelala: Amezungumza na Nani?



Mwishoni mwa masika niliitwa Matwebe, wilayani Rungwe, na rafiki yangu wa miaka mingi. Hakuniita kwa ajili ya arusi wala msiba. Alitaka niketi katika kikao cha familia yao kama mtu wa nje asiyeegemea upande, kwa kuwa ndugu wanne walikuwa wameshindwa kuelewana kuhusu baba yao. Nakisimulia kisa hiki kwa idhini yao, kwa sharti kwamba jina la mtu lisitajwe.

Mzee mwenyewe amevuka miaka 80. Alikuwa fundi cherehani mjini Tukuyu, na watu wengi wa huko waliswali Idi katika kanzu zilizopita mikononi mwake. Miaka 3 iliyopita alifiwa na mkewe. Mwaka uliofuata magoti yakakataa kumbeba, akaacha kwenda sokoni, kisha akaacha kwenda msikitini hata siku ya Ijumaa. Sasa anaishi kwa binti yake mkubwa hapo Matwebe, katika chumba chenye dirisha linalotazama migomba. Kitanda chake ni safi, blanketi ni mbili kwa sababu ya baridi ya huko, na dawa zake za presha zimepangwa vizuri juu ya kimeza.

Mtoto wa kiume anayeishi Dar es Salaam alitaka amchukue baba akae naye. Yule wa Mbeya alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna makazi ya wazee, ambako wahudumu wapo usiku na mchana, na kwamba pengine ingefaa wayafikirie. Neno hilo liliwasha moto. Rafiki yangu alisimama na kuuliza kama baba yao hakuzaa hata apelekwe kulelewa na watu baki. Zogo likawa kubwa, na mzee alikuwa chumba cha pili, nyuma ya ukuta mmoja tu wa tofali.

Binti aliyekuwa akimuuguza alikuwa hajasema lolote. Alipopewa nafasi alisema hivi: "Kaka zangu, mimi simlalamikii baba. Uji anapata, nguo nafua, maji ya kuoga napasha kila siku. Dawa anameza mbele ya macho yangu. Lakini kuna kitu kimoja siwezi kumpa hata nikikesha. Mimi siwezi kuwa rika lake."

Kikao kilinyamaza. Kisha akaeleza kwamba baba yao sasa hujibu ndiyo na hapana tu. Chakula hukigusa na kukirudisha. Usiku huamka saa nane akakaa kitandani akitazama ukuta hadi adhana ya Alfajiri. Na kila akianza kumtaja marehemu mama, wote humkatiza kwa nia njema: baba, acha hayo, muombee dua tu.

Ndugu msomaji, makala ya leo inatoka katika kauli ya binti huyo. Tumezoea kugombana juu ya mahali mzee atakapolala, na suala la nani atazungumza naye halina nafasi katika vikao vyetu. Ninakusudia kueleza tiba moja ambayo watu wa afya ya akili huiita tiba ya nafsi ya kikundi, jinsi ilivyoanza, inavyofanya kazi kwa wazee wanaoishi chini ya uangalizi wa muda mrefu, na namna inavyoweza kufanyika katika makazi ya wazee na hata katika nyumba kama ile ya Matwebe.

MAKAZI YA WAZEE NA AIBU YETU

Kwanza tuondoe ukungu kuhusu makazi yenyewe. Nchi yetu inayo, na yapo kwa miaka mingi. Upande wa Bara, wengi wamesikia Nunge kule Kigamboni, Kolandoto mkoani Shinyanga, Fungafunga mjini Morogoro na Njoro mkoani Kilimanjaro. Zanzibar kuna Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba. Hayo ni makazi ya serikali, na kusudi lake kuu ni kuwahifadhi wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka wazi kwamba familia ndiyo mlezi wa kwanza wa mzee, na kwamba makazi ni njia ya mwisho.

Kwa hiyo mzee mwenye watoto wanne wenye uwezo hakuwa mtu wa kupelekwa huko, na hilo nililieleza kikao bila kuficha. Lakini niliongeza jambo la pili ambalo halikumpendeza rafiki yangu. Nilimwambia kwamba mzee wao tayari anaishi katika makazi ya wazee, ila ni makazi yenye mzee mmoja tu. Hatoki, hapokei wageni, saa zake za kula na kuoga hupangwa na wengine, na hakuna anayemuuliza neno zaidi ya kama ameshiba. Tofauti ni kwamba mzee wa Sebleni akifungua mlango humwona mwenziwe ukumbini, na huyu wa Matwebe akifungua mlango huona migomba.

Wala tusidhani kuwa pamoja kunatosha. Wazee 20 wanaweza kuketi katika ukumbi mmoja, kila mmoja kwenye kiti chake, kutwa nzima wakitazama televisheni, na kila mmoja akawa peke yake. Waliowahi kutembelea wagonjwa na wazee siku za Idi wanaijua hali hiyo. Tunaingia na sukari, sabuni na mchele, tunapiga picha, tunaondoka. Zawadi ni jambo jema. Lakini mzee hupokea sabuni mikononi mwa mtu ambaye hakuketi hata dakika 5 kusikia kwamba usiku halali.

Hali ni hiyo hiyo katika suala la fedha. Zanzibar ilianza kutoa pensheni jamii mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, na baadaye kiwango kikaongezwa. Hiyo ni hatua ya kupongezwa, kwa kuwa mzee mwenye fedha yake mkononi hunyanyua kichwa. Ila fedha hununua unga na dawa, haimletei mzee mtu wa kumsikiliza.

HUZUNI SI UPUNGUFU WA IMANI

Kuna kauli inayowanyamazisha wazee wetu kuliko maradhi yenyewe, nayo ni ile ya kumwambia mwenye huzuni kwamba angekuwa na imani asingehuzunika. Tukirejea Surat Yusuf tutakuta mambo yaliyo kinyume na kauli hiyo. Nabii Yaqub (a.s.) alikuwa Mtume wa Allah na mzee mwenye subira njema, na bado huzuni ya kumpoteza mwanawe ilimfikisha mahali macho yake yakawa meupe kwa majonzi. Aya ya 85 inatuonesha wanawe wakimlaumu kwa kuwa haachi kumkumbuka Yusuf. Naye akawajibu kwamba dhiki na huzuni yake anamshitakia Allah. Hakuambiwa kuwa amekosa imani. Waliokosea ni wale waliochoka kumsikia.

Nilipowakumbusha kisa hicho, wale ndugu wanne waliinamisha vichwa. Kila mmoja alijua ni mara ngapi alimkatiza baba yake alipomtaja mama.

Wanazuoni wa tafsiri wanasimulia pia kuhusu Khawla bint Tha'laba (r.a.), mwanamke ambaye mashitaka yake kuhusu mumewe ndiyo yaliyokuwa sababu ya kuteremka mwanzo wa Surat Mujadila. Inasimuliwa kwamba miaka mingi baadaye, akiwa ajuza, alimsimamisha njiani Khalifa Umar bin Khattab (r.a.) mbele ya watu, naye Umar akasimama kwa muda mrefu akimsikiliza. Walipomshangaa, aliwajulisha kwamba huyo ndiye ambaye Allah alimsikia kutoka juu ya mbingu saba. Kama kiongozi wa dola alipata muda wa kusimama, sisi tunaokimbilia mabasi ya alfajiri tujiulize.

Wataalamu hutofautisha huzuni ya kawaida na maradhi yanayoitwa sonona. Huzuni huja na kupungua. Sonona hukaa wiki nyingi, ikala usingizi, hamu ya chakula na nguvu za mwili, na kumfanya mtu ajione mzigo. Kwa wazee huweza kujificha nyuma ya maumivu ya mgongo, malalamiko ya tumbo, au ukimya ambao sisi huuita uzee. Mengi ya yale aliyoyataja binti wa Matwebe yamo katika dalili hizo.

TIBA HII NI NINI?

Mwaka 1905, katika mji wa Boston nchini Marekani, daktari Joseph Pratt alikuwa na wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa maskini, wasioweza kugharimia matibabu ya mbali. Akawakusanya mara moja kwa wiki ili awafundishe wote pamoja usafi na ulaji, kwa kuokoa muda. Alichokiona hakukitarajia: wagonjwa walikuwa wakipata nguvu kwa kuonana wao kwa wao. Aliyekuwa mahututi mwezi uliopita alikuja akitembea, na mgeni aliyekata tamaa akamwona kwa macho yake. Wengi huhesabu vikao vile kuwa miongoni mwa mianzo ya tiba ya kikundi.

Mwaka 1963 daktari mwingine wa Marekani, Robert Butler, aliandika kuhusu wazee na kumbukumbu. Wakati ule wengi waliona kwamba mzee anayerudia habari za zamani ameanza kuchoka akili. Butler alishikilia kwamba kuyapitia upya maisha ni kazi ya kawaida ya nafsi ya mtu aonapo mwisho unakaribia: hurudi nyuma, akahesabu, akajuta, akasamehe, akapanga. Kazi hiyo ikizuiwa mzee huelemewa, na akipata wa kumsikiliza kwa makini anaweza kufika mahali pa utulivu. Kutokana na fikra hizo kukazaliwa vikundi vya kumbukumbu ambavyo leo hufanyika katika nyumba za wazee za nchi nyingi.

Utaratibu wake si mgumu kueleza. Wazee wachache, takriban 6 hadi 10, hukutana siku ile ile, saa ile ile, mahali pale pale, kwa muda wa saa moja au zaidi kidogo. Wanaye kiongozi aliyefunzwa, ambaye kazi yake si kuhubiri wala kutoa majibu, bali kulinda zamu, kumvuta aliyenyamaza, kumtuliza anayeteka mazungumzo, na kuunganisha neno la huyu na neno la yule. Mzee mmoja akisema kwamba tangu afiwe halali, kiongozi hawahi kumpa dawa ya usingizi. Huuliza kama yupo mwingine aliyepitia hayo. Hapo mikono mitatu huinuka, na mzee hugundua kwamba jambo aliloliona kuwa ni aibu yake peke yake ni la wengi.

Jambo la pili ni kwamba katika kikundi mzee hurudi kuwa mtu wa kutoa. Nyumbani hulishwa, huogeshwa, huamuliwa. Kikaoni huulizwa ushauri na mwenziwe, naye hutoa, na ushauri wake hufuatwa. Kwa mtu ambaye miaka 50 alikuwa fundi, mwalimu au mkunga, kuonekana tena kuwa ana faida ni sehemu ya uponyaji.

USHAHIDI WA JIRANI

Wasomaji watauliza kama mambo haya yanatufaa sisi Waafrika. Jibu lipo karibu, ng'ambo ya mpaka wa Kagera. Mnamo mwaka 2002 watafiti walikwenda wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, maeneo yaliyokuwa yameumizwa sana na UKIMWI. Kwanza waliwauliza wanavijiji wenyewe wanaiitaje hali hiyo ya moyo, wakapewa majina mawili ya Kiganda, moja lenye maana inayokaribia kujichukia na jingine kujihurumia. Kisha wakachukua vijiji 30, na kwa kura vingine vikapewa vikundi vya tiba na vingine vikaendelea kama kawaida. Wanaume walikaa na wanaume, wanawake na wanawake. Walikutana kila wiki kwa dakika 90, wiki 16. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa maeneo yale yale, waliofundishwa kwa wiki 2.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya kuanza, zaidi ya watu 8 kati ya kila 10 katika pande zote mbili walikuwa na dalili za sonona kamili. Baada ya vikao, waliobaki nayo katika vijiji vya vikundi walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji vingine asilimia 54.7. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba ya namna hiyo ili utumike popote.

Ni uadilifu kusema kwamba utafiti ule ulihusu watu wazima kwa jumla, haukuwa wa wazee walio katika makazi. Hata hivyo mambo manne ambayo tiba ya namna hiyo huyashughulikia ni msiba, ugomvi na watu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke. Msomaji anaweza kuyalinganisha mwenyewe na maisha ya yule fundi cherehani.

RUNGWE ILILIJUA HILI ZAMANI

Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba Rungwe haihitaji kuazima wazo hili mbali. Godfrey na Monica Wilson waliishi miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu chake kuhusu vijiji vya rika. Humo alieleza jinsi wavulana wa miaka 10 au 11 walivyoondoka nyumbani kwa baba zao wakajenga vibanda vyao pembezoni, wakakua pamoja, wakaoa, na kuzeeka wakiwa majirani wa umri mmoja. Fadhila kubwa waliyoitafuta katika maisha hayo iliitwa ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako, mkala na kuzungumza kama watu walio sawa. Kwao, mtu aliyejitenga na wenziwe hakuhesabiwa kuwa anaishi vyema.

Vijiji vile vimekwisha, na hatuvirudishi. Lakini wazee wa leo ni wajukuu wa watu waliolelewa kwa kanuni kwamba mtu ana haki ya rika lake. Binti wa Matwebe hakusoma kitabu chochote cha saikolojia. Alitamka tu alichokirithi.

KANUNI ZA KIKAO

Tofauti ya kikao cha tiba na baraza la kahawa ni kanuni. Barazani anayepaza sauti ndiye anayesikika, na siri hufika sokoni kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo wanaotaka kuanza, iwe katika makazi ya wazee au kijijini, wazingatie haya.

Kwanza, amana. Linalosemwa kikaoni halitoki. Mlezi, mhudumu au mtoto wa mzee haketi humo, kwa kuwa mzee hawezi kusema anaonewa huku anayemlisha akimsikiliza.

Pili, ghiba. Nimeulizwa kama mzee kueleza aliyotendewa na mkwewe si kusengenya. Imam Nawawi katika Riyadhus Swalihin ameorodhesha hali 6 ambazo ndani yake kumtaja mtu asiyekuwapo kunaruhusiwa, na ya kwanza ni ya aliyedhulumiwa anayepeleka shitaka lake kwa anayeweza kumsaidia. Pamoja na hivyo, kiongozi awaelekeze wazee waseme yaliyo katika nyoyo zao, wasihesabu aibu za wengine.

Tatu, mwili wa mzee. Viti vikaribiane kwa ajili ya wasiosikia vizuri, choo kiwe karibu, saa isigongane na swala wala na dawa. Wanawake wawe na kikao chao. Mwenye maradhi makubwa ya usahaulifu apangiwe kikundi chake chepesi zaidi, cha kugusa vitu vya zamani na kuvitaja, asije akaaibishwa mbele ya wenzake.

Nne, mauti. Katika kikundi cha wazee ipo siku kiti kimoja kitabaki kitupu. Katika baadhi ya makazi duniani kitanda hutandikwa upya na jina halitajwi tena, kwa hofu ya kuwashtua waliobaki. Wazee wanajua. Kunyamaza huko huwaambia kwamba na wao wakiondoka hawatatajwa. Kikao cha wiki hiyo kimtaje marehemu, kimuombee, na kila mmoja aseme alichokipata kwake.

Tano, mipaka. Mzee anayesema anatamani kufa au anayekataa kula kabisa, anayechanganyikiwa ghafla, anayesikia sauti zisizokuwapo, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na dawa za daktari zisiachwe kwa sababu kikundi kimeanza. Kiongozi apatikane kwa ushauri wa afisa ustawi wa jamii au mhudumu wa afya ya akili, afundishwe kabla ya kuketi, na awe na mtaalamu wa kumrejea anapokwama.

ILIVYOKUWA MATWEBE

Kikao cha familia kiliisha baada ya Isha. Iliamuliwa mzee abaki alipo. Binti aligeuka akaniuliza kama baba yake ameulizwa. Tukaona haya sote. Asubuhi, baada ya chai, rafiki yangu aliketi sakafuni karibu na kitanda, akamweleza yote. Mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akataja majina matatu ya watu wa umri wake, akauliza ni yupi bado yu hai. Wawili walikuwa hai, mmoja umbali usiozidi kilometa 2. Hawakuwa wameonana tangu siku ya maziko ya mkewe, kwa sababu naye magoti yamemkataa.

Nauli ambayo mtoto wa Dar es Salaam angemsafirishia baba yake sasa humlipa kijana wa bodaboda mwenye subira, anayewakusanya wazee watano kila Jumatano baada ya Alasiri na kuwarudisha kabla ya giza. Mvua ikiwa kubwa kikao huahirishwa. Wawili kati yao si Waislamu, na hilo halijaleta tatizo, kwa kuwa walicheza pamoja utotoni. Anayewaongoza ni muuguzi mstaafu, ambaye kwanza alikwenda hospitali ya wilaya mjini Tukuyu kuomba maelekezo. Binti huwapelekea chai na viazi vya kuchemsha, akaufunga mlango.

Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba mambo yote yametengemaa. Mzee mmoja alijitoa baada ya vikao viwili, akisema hana la kusema. Fundi wetu bado zipo siku anarudisha chakula. Magoti yake hayatapona, na mkewe hatarudi.

Lakini binti alinipigia simu baada ya kikao cha tatu. Alisema alimsikia baba yake akilia ndani ya chumba kile, kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. Akaikumbuka kanuni, akarudi jikoni, akakaa karibu na moto hadi wazee walipomaliza. Mzee alilia nini hajui, nami sijui, na si haki yetu kujua. Watano waliokuwamo wanajua.

Jumatatu iliyofuata, alipokuwa akimpelekea uji, baba yake alimuuliza leo ni siku gani. Alikuwa hajauliza swali hilo kwa zaidi ya mwaka. Akamjibu ni Jumatatu. Mzee akahesabu kwa vidole hadi Jumatano, kisha akapokea bakuli.

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yupo mzee ambaye leo ameshiba, amevaa na amelala mahali pakavu. Allah akulipe kwa hayo. Baada ya kulikunja gazeti hili nenda kamuulize watu wa rika lake ni nani, na yupi bado yu hai.

Wabillahi tawfiq.